Mkono wa Kulia wa Hakimu

Jumanne, 1 Oktoba

Naanza kuandika daftari hili kwa sababu moja tu. Nikishakufa watu watataka kujua ukuta ule ulichorwaje, na sitaki wakaulizwe waongo. Mchoraji ni mimi. Kila kinyozi wa mji huu anayejiheshimu ana vichwa vyangu mlangoni pake, na kuna bibi mmoja aliwahi kukiamkia kichwa nilichochora kwenye duka la dawa akidhani ni mwenye duka, kisha akaudhika kwa kutojibiwa. Shule niliiacha mapema, nayo haikunikimbilia, kwa hiyo tuko sawa.

Leo Mchungaji ameniita ofisini. Anataka ukuta wa nyuma wa kanisa, ule ambao watu hutazamana nao wakati wa kutoka, uchorwe Siku ya Hukumu. Askofu atakuja kuuzindua tarehe ishirini na nne Novemba. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Mimi nimechoka na vichwa vya kinyozi. Hukumu ndiyo kazi ya ukubwa wangu.

Mke wangu amefurahi, akanipikia kama mgeni.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua ya kwanza. Nimekagua ukuta, mkavu. Nimeupiga msasa hadi nikageuka mweupe kama mzimu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku imeniharibikia asubuhi na mapema. Nimefika kanisani na ndoo zangu, nikamkuta Mchungaji amesimama na mtu mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi, kazini, kwenye rangi. Akaniambia huyu ndiye atakayeandika mistari ya Biblia kwenye ukuta wa mbele, na mwishoni ataandika maneno chini ya mchoro wangu.

Nilimjua kabla hajageuka. Tulikuwa tunamwita Herufi, kwa sababu hachori kitu chochote chenye macho, ni herufi tu, zimenyooka kama zimetoka kiwandani. Zamani, kabla yangu, mke wangu alikuwa amechumbiwa naye. Posa ilikwishapokelewa kwao. Nikaja mimi na vichekesho vyangu, posa ikarudishwa. Herufi akahama mji, akaoa huko, mkewe akafariki, sasa amerudi. Kwa kweli nilimhurumia sana wakati wote alipokuwa mbali.

Kanisa lina ngazi moja. Ni ndefu na miguu yake hailingani, haisimami bila mtu kuishika chini. Kwa hiyo imepangwa hivi: akipanda yeye nashika mimi, nikipanda mimi anashika yeye. Leo nimepanda huku nimeangalia chini zaidi ya juu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Nimemwambia mke wangu Herufi amerudi. Akasema anajua, ameingia kwenye kwaya yao tangu juzi, anaimba besi. Anajua! Tangu juzi!

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeanza kupima. Mathayo anasema kondoo mkono wa kuume, mbuzi mkono wa kushoto. Nimesimama mbele ya ukuta, nikanyoosha mkono wangu wa kulia, nikaweka alama ya penseli: bustani. Nikanyoosha wa kushoto: moto. Hata mtoto wa chekechea anajua kulia ni wapi. Katikati atakaa Hakimu kwenye kiti chake, akitutazama sisi. Uso wake nimeuacha duara jeupe kwanza, kwa sababu uso wa mkubwa huchorwa mwisho.

Nimetundika turubai mbele ya ukuta mzima. Mtu asichungulie hadi niseme.

Jumanne, 15 Oktoba

Mchungaji amenipa sehemu za kusoma ili nipate uso wa Hakimu. Nimesoma hadi macho yakauma na sasa sijui lolote. Mathayo ananipa mfalme anayetenga watu kama mchungaji anavyotenga mifugo. Ufunuo unanipa kiti cheupe kikubwa, vitabu vimefunguliwa, na ziwa la moto. Mbele ya uso huo hata mbingu na nchi zilikimbia. Sasa kama nchi imekimbia, mimi niuchore nimesimama wapi? Nikaenda kwa Yohana nikitegemea msaada, namkuta Yesu anasema hakuja kuuhukumu ulimwengu bali kuuokoa. Paulo naye analeta moto mwingine kabisa, moto usiochoma mtu ila unapima kazi yake. Kazi ikiungua, mwenyewe anaokoka, ila kama aliyepita katikati ya moto.

Nikamwambia Mchungaji kwamba polisi wakiniletea mashahidi wa namna hii nichore mtu wanayemtafuta, ningewarudisha wote nyumbani wakalale. Akacheka. Akasema labda wote walimwona yeye yule, ila hawakuwa wamesimama mahali pamoja.

Jibu zuri, lakini halichoreki.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mke wangu anashona kwenye kibaraza jirani na kanisa, na saa nne hutuletea chai, mimi na yule. Leo nimeona jambo. Kikombe cha Herufi kilikuwa na mfuniko. Changu hakikuwa na mfuniko.

Nimekunywa yote kwa mkupuo mmoja.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mfuniko tena. Ni ule wa bluu, wa kikombe chetu cha nyumbani, tulichopewa siku ya harusi yetu.

Jumapili, 20 Oktoba

Mahubiri yalikuwa ya wale vibarua wa shamba la mizabibu. Waliotoka alfajiri wakachomwa jua siku nzima na waliokuja jioni wakapata ujira mmoja. Mimi niko upande wa wale wa alfajiri, nasema wazi. Mtu amevumilia mwanamke miaka yote, joto na baridi, mama mkwe na maneno yake, halafu anakuja mwingine jioni, shati limepigwa pasi, anapewa mfuniko.

Mchungaji akasoma pale mwenye shamba anapomuuliza kibarua kama anaona kijicho kwa sababu yeye ni mwema. Nikahisi ananitazama. Nikageuka kuangalia dirisha. Dirishani kuna nini? Mvua tu.

Jumatano, 23 Oktoba

Leo amecheka. Mke wangu. Nilikuwa nyuma ya turubai nachora majani ya bustani, nikasikia kicheko chake chote, kile cha kuweka mkono kifuani. Nilikipigania kicheko kile miezi mizima nilipokuwa kijana. Kumchekesha ni kazi yangu. Wengine wote wanaruhusiwa kumsalimia tu.

Nikatoka nikauliza kwa upole kuna nini cha kuchekesha. Kumbe Herufi alikuwa anamsimulia jinsi nilivyoshuka ngazi jana nikatumbukiza mguu kwenye ndoo ya rangi ya kijani, nikatembea nayo hadi mlangoni kwa heshima zote kana kwamba ndivyo nilivyopanga. Amemchekesha kwa kunitumia mimi. Ni sawa na mtu akuibie shoka akakatie mti wako.

Jioni nimemuuliza kuhusu mfuniko. Akanitazama kama aliyeulizwa jina lake. Akasema Herufi anaandika polepole, chai yake inapoa. Wewe unamaliza yako kabla sijaachia kisahani. Nikasema sawa.

Si sawa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mimi siwezi kuchora sura ambayo haipo. Hiyo ndiyo siri ya ufundi wangu na ndiyo maana vichwa vyangu vinaamkiwa. Lazima niwe na mtu kichwani. Bustanini nimemweka mke wangu, amependeza kuliko yeye mwenyewe. Pembeni nimemweka mama mkwe, si kwa sababu ya matendo yake, ila nataka amani ya nyumba. Na mimi nimejiweka mbele kidogo, nimemshika mke wangu mkono, tumbo nimelipunguza.

Upande wa moto nimemweka fundi bomba aliyeniharibia jiko. Bado kuna nafasi nzuri katikati.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua kubwa. Sikufanya kazi. Nimekaa nikisikiliza kwaya ikifanya mazoezi. Besi yake ni nzuri. Inaniudhi jinsi ilivyo nzuri.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya ibada mama mkwe amesema mbele ya watu kwamba Herufi amekonda, maskini, hana mtu wa kumwangalia, na kwamba kijana yule siku zote alikuwa na adabu. Kijana! Ana mvi kuliko mimi. Nikasema nami nimekonda. Mama mkwe akaniangalia tumboni, akasema, "Wewe mkwe wangu, ukikonda tutatangaziwa redioni."

Watu walicheka. Herufi pia, kidogo, kwa adabu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemchora. Katikati ya moto, hadi kiunoni, mikono juu. Nimemwongezea ndevu ili watu wasimtambue, lakini sikio lake la kulia, lile lililojikunja juu kama ukurasa, nimeliacha lilivyo. Kwa nini? Nilitaka nimjue mimi.

Lazima niseme ukweli wa kazi: ndiyo sura bora kuliko zote ukutani. Moto una rangi tano na zote zinatembea. Nilipomaliza nilikaa benchi nikautazama, nikajisikia vizuri kama mtu aliyekula akashiba.

Wakati nachora, ngazi aliishika yeye. Turubai lilikuwa katikati yetu, yeye nje, mimi ndani. Nilikuwa naona vidole vyake tu kwenye miguu ya ngazi. Hakuitikisa hata kidogo.

Jumamosi, 9 Novemba

Uso wa Hakimu umenishinda. Nimejaribu mkali, akatoka kama mkaguzi wa leseni. Nimejaribu mpole, akatoka kama muuza asali. Nimefuta.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Mfuniko.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwomba Mchungaji msaada wa uso. Akanipa kitabu cha Yona, kifupi, akasema nisome mwisho wake. Nilidhani ni habari za samaki. Kumbe samaki anaisha mapema, na kinachobaki ni mtu aliyekasirika. Amewatangazia watu wa mji kwamba wataangamia, wakatubu, Mungu akawasamehe. Yona akatoka nje ya mji akajijengea kibanda, akakaa kivulini, aone kama labda moto bado utakuja.

Nimekifunga. Hakina uso wa Hakimu. Kina uso wa Yona tu, na sikuhitaji kuusoma ili niujue umekaaje.

Jumatatu, 18 Novemba

Leo naandika mengi.

Zimebaki siku chache, uso hakuna, basi nikaona niwaonyeshe Mchungaji na Herufi kilichopo, ili Herufi naye apime nafasi ya maneno yake. Nikavuta turubai kwa mbwembwe zote. Nilitegemea kimya cha mshangao na nilikipata, ila kilikuwa kirefu kupita kiasi.

Mchungaji alitembea hadi ukutani, akageuka, akasimama mbele ya lile duara jeupe, mgongo wake ukutani, akitutazama mimi na mabenchi, kama ambavyo Hakimu angetutazama. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia.

Ukaenda motoni.

Akanyoosha wa kushoto. Ukaenda bustanini.

Mimi ninayechora kwenye vioo vya vinyozi kutwa! Mimi ninayejua kwamba mtu akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako! Nilipima kwa mkono wangu mimi, nikasahau kwamba anayehukumu hapo si mimi. Bwana amekaa kwenye ukuta wangu anawatuma wema motoni kwa mkono wa baraka, na upande wa mbuzi, chini ya mti wa matunda, tumekaa mimi, mke wangu na mama mkwe, tumeshikana mikono, tunatabasamu.

Mchungaji alikuja akakaa benchi karibu nami. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akasema tu kwamba kwenye Mathayo pande zote mbili zinauliza swali lilelile, Bwana, tulikuona lini. Wa kulia hawakujua kwamba ni wa kulia. Wa kushoto hawakujua kwamba ni wa kushoto. Hakuna aliyejua amesimama wapi mpaka alipoambiwa.

Nikasema moto hauwezi kuhamishwa kwa siku tano na mvua hii. Rangi ya mafuta haikauki. Nitaufunika ukuta wote kwa chokaa, na Askofu atazindua chokaa.

Herufi alikuwa ameusogelea moto. Alisimama mbele ya yule mtu wa ndevu, sura kwa sura. Nilitaka ardhi inimeze lakini ardhi ya kanisa ni saruji. Akanyoosha kidole akaligusa lile sikio, taratibu, kuona kama limekauka.

"Sikio umelipata," akasema.

Halafu akarudi nyuma, akautazama ukuta wote kama anavyopima mstari wa herufi, akasema, "Mgeuze."

Nikamuuliza nimgeuze nani.

"Hakimu. Mchore anatupa mgongo. Anawatazama wao. Hapo kulia kwake kunakuwa kulia kwetu. Bustani inakaa sawa, moto unakaa sawa. Na uso huuhitaji tena."

Mchungaji akaanza kuitikia kwa kichwa, kwa furaha. Na ni kweli, ni dawa kamili, inaponya kila kitu. Kila mtu ukutani atakuwa anamtazama yeye, na sisi tutamwona kupitia nyuso zao tu, anayeogopa na anayefurahi, kila mmoja na aliyemwona. Mathayo, Ufunuo, Yohana, wote watatoshea kwenye mgongo mmoja.

Lakini dawa hiyo inamwacha Herufi motoni. Alijua. Alilisema hilo akiwa ametoka kuligusa sikio lake mwenyewe ukutani.

Ningeweza kumpenda mtu huyu kama angekuwa na kasoro moja tu.

Jumanne, 19 Novemba

Nimechora mgongo. Vazi jeupe, mabega, mikono miwili imefunguka kidogo. Imetoka mara ya kwanza bila kufuta. Herufi alishika ngazi.

Jumatano, 20 Novemba

Leo mke wangu ameuona ukuta. Turubai halipo tena, akaingia na chai. Akatazama bustani, akajiona, akacheka kidogo, akamwona mama yake, akacheka zaidi. Akaniona mimi na tumbo langu jipya, akanipiga begani. Nikaanza kujisikia mtu. Ndipo akageukia moto.

Yule alikuwa mchumba wake. Ndevu hazikumpotosha hata kidogo. Aliweka sinia chini.

Nilianza kusema kwamba sikio lile ni bahati mbaya, kwamba mafundi tunachukua sura popote. Aliniacha niseme hadi nikaisha mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu tuko kanisani:

"Nani alikwambia nataka kukaa bustanini nikimwangalia mtu anaungua?"

Nikasema si mtu, ni mchoro.

"Umenichora natabasamu. Mtu anaungua hapo, mimi natabasamu. Ndivyo unavyonijua?"

Nikasema kuhusu mfuniko. Ndiyo, nilisema hilo, mbele ya Hukumu ya Mungu nilitaja mfuniko wa kikombe, na kwamba ni wa harusi yetu.

"Nilimwacha mtu mzuri kwa sababu wewe ulikuwa unanichekesha," akasema. "Ulimcheka kila mtu lakini hukumchoma mtu. Sasa hapa kuna nini cha kucheka?"

Akachukua sinia. Jioni sikumkuta nyumbani. Amekwenda kwa mama yake na mto wake wa kulalia. Angeondoka bila mto ningesema atarudi kesho.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua kutwa. Nimepika mwenyewe. Tuyaache hayo.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimefikiria kumfuta. Ni rahisi, rangi nyekundu juu ya uso, dakika chache. Nikachukua brashi, nikashindwa. Nikimfuta, nafasi yake ipo palepale katikati, na mimi ninajijua, nitapata mwingine wa kumweka. Leo Herufi, kesho mtu aliyemsaidia mke wangu kubeba mzigo. Moto huu nimeuchora vizuri mno. Hautakaa bila mtu.

Na hata kama ningemhamishia bustanini, ningekuwa najua nilimpeleka kwa sababu mke wangu amekasirika. Hiyo si rehema, hiyo ni kuogopa kulala peke yangu.

Nimekaa kwenye benchi lilelile nililokaa siku ile nilipoutazama moto nikashiba. Yona naye alikuwa amekaa hivi, kivulini, anausubiri moto wa wenzake. Kitabu kinaisha Mungu anamuuliza swali na hatujui Yona alijibu nini. Nilidhani kurasa zimechanika. Mchungaji anasema ndivyo kilivyo.

Jumamosi, 23 Novemba

Asubuhi nimemfuata Herufi anakoishi, chumba kimoja, kila kitu kimenyooka, hata viatu. Nikamwambia nahitaji mtu wa kunishikia ngazi. Nilikuwa na hotuba ndefu baada ya hapo, nimeipanga njiani, yenye vichekesho viwili. Sikuitoa. Alichukua shati lake kwenye kiti akaja.

Njiani, chini ya mwavuli wake mmoja, nikamuuliza kama angali anampenda. Nilitaka kujua, hata kama jibu litaniua. Alitembea kidogo, akasema alimpenda mkewe aliyekufa, na kwamba huku kurudi alirudi kwa sababu huu ndio mji pekee ambako kuna watu wanaojua jina lake la utani.

Basi. Karibu miezi miwili ya mvua nimekuwa nikimwonea wivu mtu anayekunywa chai yangu kwa sababu hana kwake pa kunywea.

Nimechora siku nzima. Kwanza nimejitoa bustanini. Pale nilipokuwa nimesimama nimepafunika kwa majani, na mkono wa mke wangu, uliokuwa umeshika wangu, nimeuacha mtupu umenyooshwa kuelekea motoni. Tabasamu lake nimelifuta. Sasa anatazama huko, na anaonekana kama mtu anayetaka kuita.

Kisha nimechora ngazi. Ngazi yetu ileile, miguu isiyolingana, imesimama katikati ya moto na kufika juu, kwenye ukingo wa vazi jeupe. Herufi amekamata kipago cha pili, ndevu nimemnyoa, shati limepigwa pasi. Nyuma yake fundi bomba anasubiri zamu yake, maana jiko lenyewe lilikwishapona. Na chini kabisa, miali ikiwa kiunoni, kuna mtu mnene ameshika miguu ya ngazi kwa mikono miwili. Tumbo nimelirudisha lote.

Mchungaji alikuja alasiri. Aliutazama akauliza ngazi hiyo iko kitabu gani. Nikamwambia Paulo anasema kazi ya mtu itaungua na mwenyewe ataokoka kama kwa kupita motoni, lakini hakusema anatokaje humo. Huko ni kwenye ufundi, na kwenye ufundi naulizwa mimi. Mtu anatoka mahali pa chini kwa ngazi, na ngazi yetu haisimami bila mtu kuishika.

Mchungaji alifikiri hadi nikaanza kukusanya brashi. Mwishoni akamwambia Herufi aandike maneno ya Paulo chini ya moto, na yale ya Mathayo kwa wabarikiwa chini ya bustani. Herufi akauliza kama maneno hayo mawili yanapatana. Mchungaji akasema ayaandike kwa ukubwa mmoja, yatapatana yenyewe huko mbele.

Herufi alipiga uzi wa chaki, akaandika akiwa amepiga magoti. Mimi nilimshikia kopo la rangi.

Jumapili, 24 Novemba

Askofu ameuzindua. Ni mzee mfupi, amesimama mbele ya ukuta mikono nyuma, akasoma maneno ya kulia, akasoma ya kushoto, akamtazama yule aliyetupa mgongo. Tukangoja. Akasema ana ugomvi na mchoro huu na angependa uachwe palepale ili ugomvi uendelee. Mchungaji akashusha pumzi kanisa zima likasikia.

Halafu Askofu akaelekeza fimbo yake kwa yule mnene chini ya ngazi. Akauliza na huyu, wote wakishapanda, atatokaje, maana hakuna wa kumshikia.

Mchungaji alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa sijafikiria. Nilichora mtu ameshika, basi, sikufika kwenye sehemu ya kutoka.

Sauti ikatoka kwenye kwaya.

"Nitakwenda kumshikia mimi, Baba Askofu," mke wangu akasema. "Ila apande polepole, ile ngazi haimpendi."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, halafu benchi lake, halafu kanisa zima. Mke wangu alikuwa ameweka mkono kifuani.

Mchana mto ulikuwa umerudi kitandani.

Jumatatu, 25 Novemba

Mawingu yameondoka. Mimi na Herufi tulikuwa kanisani tunakwangua matone ya rangi sakafuni. Saa nne ameleta chai.

Kikombe changu kilikuwa na mfuniko, ule wa bluu. Kikombe cha Herufi nacho kilikuwa na mfuniko, mpya, mwekundu, umetoka dukani leo. Nimeutazama kwa muda. Ni mfuniko mzuri, pengine mzuri kuliko wangu.

Nimekunywa polepole.